Fundi wa AC za gari Mwanakwerekwe, Unguja, huyu anatafuta tundu kwanza ndo atie gesi

Mie nabeba wageni kutoka airport mpaka Nungwi kwa Noah, na jua hili la kaskazi AC ikikata njiani basi mgeni anashuka kalowa chapachapa. Mwaka jana kuna gereji moja nimetiliwa gesi mara tatu, kila mara baridi inakaa wiki mbili tatu halafu fukuto linarudi pale pale, nikienda naambiwa gesi imeisha bro tutie nyengine, elfu sitini zinanitoka. Na mie nikiamini, nikidhani gesi inaliwa kama petroli.

Mwenzangu wa kijiweni ndo akanielekeza kwa huyu kijana. Chupa ya gesi hakuigusa kabisa, akaniuliza tu "sheikh, mara ya mwisho imetiwa lini?" nikamwambia, akasema gesi ya AC haiishi, inazunguka mle mle, ikipungua ujue ipo pahala inatokea. Akafungua boneti akamulika tochi kwenye kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, na chini pembeni pana doa jeusi la mafuta limeshika vumbi. Kumbe gesi inatembea pamoja na mafuta ya kompresa, ikivuja inaacha alama. Akajaza hewa ya naitrojeni kwenye mabomba ya AC, akapaka povu la sabuni, vipovu vidogo vidogo vikaanza kutoka pale pale kwenye doa. Chumvi ya bahari ishaila aluminiamu.

Nilipomuuliza hajachoka kunielewesha. Kompresa inaibana gesi inakuwa ya moto, kondensa inautoa ule moto nje kwa upepo wa feni mpaka gesi inakuwa majimaji, ikipita kwenye valvu yenye tundu jembamba presha inashuka ghafla, basi inachemka ndani ya ivaporeta nyuma ya dashibodi na kuchemka huko ndo kunakonyonya joto la ndani ya gari. Hii gesi yenyewe, inaitwa R134a, ikiwa haijabanwa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri! Na yale maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu tu wa hewa, mie miaka yote nilikuwa na wasiwasi nayo.

Kondensa ya mtumba imetoka Dar na boti, kesho yake ikafika, laki na ishirini. Akaifunga, akavuta hewa yote kwa pampu nusu saa nzima akiangalia geji isirudi, maana unyevu ukibaki unaweza kuganda kwenye valvu na unaharibu mafuta, halafu gesi akaipima kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kule kwengine walikuwa wanakisia tu. Filta ya ndani nayo akaichomoa nyeusi tiii, ndo maana upepo ulikuwa dhaifu. Mwisho akachomeka kipimajoto kwenye tundu la dashibodi, nyuzi 7. Mashaallah.

Na jengine alonifundisha, masika vioo vikiingia ukungu washa AC na ile hita pamoja. Hita inachukua maji ya moto ya injini kupitia rejeta ndogo ndani ya dashibodi, AC inakausha hewa, hita inaipasha, kioo kinasafika muda mdogo tu. Nimejaribu siku ya mvua kubwa njia ya Mkwajuni, kweli kabisa.

Kasoro zipo, pa kukaa hapana, unasimama juani, na foleni ndefu kwa sababu yuko peke yake, siku ya kwanza nimefika saa tatu asubuhi nimeondoka baada ya laasiri. Simu pia hapokei akiwa chini ya gari. Lakini tangu Disemba mpaka leo sijaongeza hata gramu moja, na wageni wa nyuma wananiomba nipunguze baridi. Ukenda nenda mapema, na Ijumaa usende mchana, anafunga saa tano na nusu kwa ajili ya sala.