Miaka minne, nusu chuoni nusu kiwandani: nilichopata na kilichonichosha

Nilimaliza mwaka jana, kwa hiyo naandika hasira zikiwa zimeshapoa. Ni shahada ya umeme wa viwandani inayofundishwa na chuo na mwajiri kwa pamoja: miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, hivyo hivyo hadi mwisho. Mimi mtoto wa Makorora, na kiwanda kipo huku huku Tanga. Chuo ndicho kilichokuwa kinanipandisha basi pale Kange kila zamu ya darasa ikifika.

Nianze na hela, maana ndilo swali la kila mtu. Ada alilipa mwajiri, na posho iliingia kila mwezi hata nikiwa darasani. Wenzangu wanasubiri bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, mimi natuma hela ya luku nyumbani. Kaka yangu alisoma kwa mkopo na mpaka leo Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake. Mimi sidaiwi shilingi. Ninachodaiwa ni miaka miwili ya kutohama kiwanda, ipo kwenye mkataba, na nikiwaona niliosoma nao sekondari wamerudi na vyeti vyao kukaa barazani, siioni kuwa kifungo.

Kazi yenyewe usiifananishe na fildi, yale mafunzo ya vitendo ya wanachuo. Fildi unakaa wiki nane, unatumwa chai, mwisho unanakili logibuku ya mwenzako. Huku, wiki ya pili tu, fundi mkuu, mzee anayekaribia kustaafu, alinipeleka kwenye mota iliyokuwa inanguruma vibaya. "Binti, ncha ya bisibisi hapo, sikio kwenye mpini. Wasikia nini?" Nikasikia kama mchanga unasagwa. Beringi, zile gololi zinazobeba mhimili wa mota. Muhula uliofuata mhadhiri akajaza ubao kwa hesabu za mtetemo, darasa zima linanakili, mimi namsikia yule mzee.

Na ilikwenda kinyume pia. Kulikuwa na mota ya pampu iliyoungua mara tatu, lawama zote anabebeshwa fundi aliyesuka koili zake. Nilikuwa nimetoka darasani na somo la fezi tatu, zile laini tatu za umeme zinazoendesha mota, likiwa bado la moto kichwani, nikaomba mita nikapima. Fezi moja ilikuwa chini ya zenzake. Mota ilikuwa inajiunguza yenyewe kwa umeme usio sawa. Mzee aliangalia mita, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, chuo kina maana." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Chakula cha kantini: wali maharage, siku tano. Tusonge.

Kilichonitoa machozi ni muda. Siku ya usaili tulielezwa kwamba mtindo huu Wajerumani waliuanza Stuttgart mwaka 1974, na kwamba Uingereza nao wana wa kwao tangu 2015. Hatukuelezwa kwamba Uingereza saa za masomo zinatoka ndani ya saa za kazi, na mshahara unazihesabu. Zangu zilitoka kwenye usingizi. Nikitoka shifti naoga, nakunywa chai ya tangawizi, nafungua daftari saa nane usiku, mama anagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Mwaka wa tatu mtihani uligongana na shatidauni, ile wiki mitambo yote inazimwa ifanyiwe matengenezo na hakuna anayepewa ruhusa. Chuo wakasema muone mwajiri wako. Mwajiri akasema lete barua ya chuo. Barua ilifika mitambo ikiwa imeshawashwa. Nilikula sapu, mtihani wa marudio, ya somo ninalolifanya kila siku kwa mikono yangu, na kila upande ukaniambia pole kwa upole kabisa. Vyote viwili vilikuwa vikinifundisha, lakini siku hiyo sikuwa wa yeyote.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibakiza kwenye barua iliyochelewa.

Mdogo wangu juzi amechukua fomu. Nimemwambia asiulize posho, posho ipo. Aulize mtihani na shatidauni vikigongana nani anaamua, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Amerudi jana jioni anasema wamemjibu "tutaona". Fomu bado iko juu ya friji.