Mche wa Chesnati Mombasa: Upi Ununue, Upi Uache

Mwaka juzi nilisimamisha tuktuk njia ya Bamburi kwa ajili ya kibao cha boksi kilichoandikwa kwa makaa: "Mchesnati wa Ulaya", yaani ule mti wa kokwa za unga ambazo Wazungu huzichoma na kuzila. Muuza miche akaapa kwa mamake. Nikatoa shilingi 1,500, nikaurudisha Tudor nimeupakata kama mtoto mchanga. Kosa langu lilikuwa kusoma kibao nisitazame jani. Vijani saba vilitoka kwenye kikonyo kimoja, kama kiganja kilichokunjuliwa. Jani la mchesnati wa kweli ni moja moja, refu, na kingo zake zina meno kama msumeno.

Nilikuwa nimenunua pachira, mti wa mabwawani Amerika ya Kati na Kusini, uleule unaosukwa shina kama nywele na kuwekwa ofisini kwa jina la mti wa pesa. Ng'ambo pia huitwa chesnati ya Malabar, kwa hiyo yule bwana hakudanganya moja kwa moja. Alidanganya Ulaya tu.

Hata angeniuzia wenyewe, ungenifia. Mchesnati unataka miezi ya baridi upukutishe majani na kupumzika; sisi hata Julai twalala na feni. Tena hauvumilii chokaa, na kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, yaani chokaa tupu. Na ukipandwa peke yake hauzai vizuri, lazima uwe na mwenziwe karibu wa kubadilishana chavua. Hukua hadi mita 30, na chesnati zake hukaa ndani ya ganda la miba kama kalunguyeye aliyejikunja. Mti mzuri, lakini kwetu ni wa mwisho katika orodha hii yangu ya miti mitano ya kupanda kwa ajili ya kokwa.

Wa kwanza ni mfenesi, wala sifanyi mzaha. Ukitaka ule unga wa chesnati mdomoni, utamu wa mbali kama kiazi kitamu kilichokauka, uko ndani ya mbegu ambazo nyumba nyingi hutupa baada ya kula fenesi. Shangazi yangu wa Kisauni huziosha mpaka ute uishe, huzichemsha kwa chumvi kama nusu saa, kisha humenya lile ganda jeupe linalong'oka kama plastiki. Ukipenda za kuchoma, zichanje kisu kwanza ndipo uziweke juu ya jiko, la sivyo zitalipuka na kukurukia. Wazungu nao huzichanja chesnati zao kwa sababu hiyohiyo.

Mche uliopandikizwa, yaani kitawi cha mti unaozaa kilichounganishwa kwenye shina la mche mwingine, huweza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu; wa mbegu ukuchezeshe mitano au zaidi. Uliopandikizwa utaujua kwa kovu la kiungo juu kidogo ya udongo. Ikiwa shina ni laini kutoka chini hadi juu, huo ni wa mbegu, na usikubali kuulipia bei ya mwenziwe. Kasoro zake ni mbili. Ulimbo wake hautoki mkononi, kwa hiyo paka mafuta ya kupikia kabla ya kushika kisu. Tena haupendi maji ya chumvi. Kama kisima chako kina chumvi, umwagilie ya bomba au ya mvua.

Wa pili ni mkanju. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, na mchanga wa Pwani ukaupokea kama mwana wa nyumbani. Korosho haishindwi kwa ladha. Shida ni kuipata: mafuta ya ganda lake hubabua ngozi, na moshi wake utakugombanisha na jirani. Matawi nayo hutambaa kila upande. Mwenye kiwanja Mtwapa au Likoni aununue. Wa uani Majengo aachane nao.

Wa tatu ni mkungu, nao usiulipie hata shilingi. Okota kungu lililoanguka barabarani, lifukie, litaota. Hustahimili chumvi na mwamba na kivuli chake ni kipana, ila lozi yake ni ndogo na kuivunja ni jiwe kwa jiwe. Usiupande karibu na kabro, yale matofali ya kutandika uani, mizizi itaziinua.

Pachira ni ya nne. Mbegu zake huliwa zikikaangwa, ila zina asidi za mafuta zisizofaa kuliwa kwa wingi. Yangu iko kwenye ndoo karibu na tangi, pambo tu.

Makadamia wala sikuipanga. Hiyo ni ya Murang'a, Embu na Meru.

Ukienda kununua mfenesi, chagua mdogo. Mche mrefu uliokaa sana kwenye mfuko hujikunja mzizi mkuu chini, na mzizi wa mfenesi ukishapinda mti hautulii tena. Pindua mfuko: ukiona mizizi inazunguka kama donge la chapati lililosokotwa, urudishe. Panda masika yanapoanza, mita sita au zaidi kutoka ukutani. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na kisiwani hilo huchimbwa kwa mtaimbo, si jembe. Kisha ujaze udongo mwekundu na samadi iliyooza. Wangu ulinichukua siku nzima na vibarua wawili, na ujira wao ulizidi bei ya mche mara tatu.