AC ya inveta kwenye nyumba ya kontena, Malindi

Jamani kontena la futi 20 hapa Malindi mwezi wa tatu ni tanuri, bati ukiligusa saa nane mchana unaruka. Tulifunga AC ya inveta (ile inayojipunguza kasi yenyewe chumba kikipoa) ya BTU 9000, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, na kusema kweli inapoza vizuri, haina kelele, mtoto analala bila jasho shingoni. Lakini mchana kutwa ilikuwa inahangaika tu mpaka tulipoezeka makuti juu ya kontena tukaacha nafasi upepo upite, hapo ndo ikatulia na tokeni za stima zikaanza kukaa. Fundi aliyetufungia simsifu, paipu ya kutoa maji ya AC aliilaza vibaya godoro lote likalowa! Na ile mashine ya AC ya nje muioshe kwa maji matamu kila mara, chumvi ya bahari inakula yale mabati membamba ya nyuma.