Picha ya mbele ya templeti kwenye LibreOffice Calc: nimeitumia dukani, haya ndo niliyoyaona

Naanza na kisa ndo mtaelewa kwa nini mtu mzima nimekaa naandika habari za kapicha kadogo ka kwenye faili, kale unakokaona kabla hujalifungua. Nina kistesheneri changu, kompyuta mbili na printa moja, na ukiacha fotokopi kazi kubwa ni kuwatengenezea watu shiti: daftari la vikoba, michango ya harusi, mauzo ya duka la rejareja, mahudhurio, ankara. Nilishachoka kuanza upya kila mteja akija kwa hiyo kila kazi nimeitengenezea templeti yake, yaani faili la mfano lililopangwa tayari, wewe unajaza tu, zipo kama kumi na nne hivi. Sasa siku moja akaja mama mmoja mhazini wa kamati ya harusi, ana majina tisini na kitu kwenye daftari, dogo ninayefanya naye kazi akafungua templeti akaanza kujaza, kumbe kafungua ya vikoba. Kaprinti kurasa nne. Mama kavaa miwani, kasoma mpaka safu ya tatu, akaniita: "Mwanangu, hii rejesho na riba ni za nini, sisi tunaozesha hatukopeshani."

Aisee. Kurasa nne zote zikaishia kufungia maandazi.

Dogo simlaumu. Natumia LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, na Calc ndo sehemu yake ya shiti, kama Excel. Ukifungua dirisha lake la templeti, ile Ctrl+Shift+N, zangu zote zilikuwa zinafanana kama mayai: kamraba keupe, vistari vya kijivu, na juu kitu kama chungu wamepita na wino. Jina lipo chini ya picha ni kweli, lakini majina nilikuwa nimeyaweka mimi mwenyewe na ni ya ovyo, shiti2_mpya, shiti2_mpya_kweli, hapo sina wa kumlalamikia.

Ndo nikaanza kuchunguza hiyo picha inatoka wapi. Kumbe Calc yenyewe kila ukiseivu inapiga picha kona ya juu kushoto ya shiti yako na kuificha ndani ya faili. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kuibadilisha haitaki hata ufundi: tengeneza shiti moja ya mwanzo iwe jalada. Mimi kwenye templeti ya harusi nimeongeza shiti inaitwa Jalada, nimeunganisha seli za juu kuanzia A1, nikamwaga rangi ya zambarau, nikaandika HARUSI kwa herufi kubwa mpaka zinakera. Halafu unaseivu ukiwa umesimama kwenye hiyo hiyo shiti, usiseivu ukiwa kwenye shiti ya majina. Unaenda File, Templates, Save as Template, unachagua kundi, basi. Ukifungua tena dirisha la templeti unaikuta zambarau inakuangalia.

Hii njia naipenda kwa sababu haiharibiki. Leo ukirekebisha fomula ukaseivu, picha inapigwa upya na jalada liko palepale. Ubaya wake ni kwamba mteja akipewa faili lake anakutana na shiti ya kwanza ambayo haina kazi, na wengine wanauliza. Pia ukiprinti faili zima bila kuangalia, jalada nalo linatoka, na wino wa zambarau sio wa bure jamani.

Njia ya pili ndo tamu kwa sisi wapenda kuchokonoa. Faili la templeti ya Calc, lile la .ots, ukweli ni zipu tu, yaani mafaili kadhaa yamebanwa pamoja kwenye faili moja. ODF, muundo wa mafaili wanaoutumia LibreOffice, ni wa wazi, umepitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, kwa hiyo hakuna siri ya nini kinakaa wapi. Bonyeza kulia, fungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia zipu, bila kutoa vitu nje, utaona folda inaitwa Thumbnails na ndani yake picha moja tu, thumbnail.png. Hiyo ndo picha yenyewe! Unatengeneza ya kwako, unaipa jina hilohilo, herufi ndogo zote, unaiburuta mpaka humo, inauliza unataka kubadilisha, unakubali, unafunga. Kisha unarudi LibreOffice unaliingiza faili kwa Import kwenye dirisha la templeti. Sasa shiti inabaki safi, haina jalada, na kwenye dirisha inaonekana vile ulivyotaka wewe.

Mimi picha zangu natengeneza 256 kwa 256. Mwanzoni nilijifanya msanii, nikaweka picha ya pete mbili, maua, na maneno "Orodha ya Michango na Ahadi" kwa herufi za kuchorachora, nikaiona kwenye dirisha ni kama mtu kamwaga uji. Kwa ukubwa ule rangi moja na neno moja vinatosha, ukizidisha hapo hakuna kinachosomeka. Siku hizi vikoba ni kijani, harusi zambarau, mauzo ya duka njano, mahudhurio bluu. Na dogo hasomi tena, nikimwambia "fungua ya kijani" kashafungua kabla sijamaliza.

Ila nisiwafiche, siku ya kwanza niliharibu. Nilitoa vitu vyote nje kwenye folda, nikabadilisha picha, nikaizipu folda nzima upya nikaipa jina la .ots nikajiona fundi. LibreOffice ikaniambia faili limeharibika, nataka ilitengeneze? Kosa lilikuwa langu: ukizipu folda, vitu vinaingia hatua moja ndani zaidi na yenyewe haivioni, halafu kuna kafaili kanaitwa mimetype, kanakosema hili ni faili la aina gani, kanatakiwa kawe ka kwanza na kasibanwe kama vingine. Kwa hiyo usitoe kitu nje, fungua zipu, buruta, funga. Na weka kopi pembeni kabla hujagusa, mimi niliipoteza templeti ya ankara niliyoihangaikia jioni mbili.

Kasoro yenyewe kubwa ya njia hii ni moja na inaudhi. Siku ukiihariri templeti na kuiseivu, Calc inapiga picha yake upya na ile ya kwako inafutika, unarudi kwenye chungu na wino. Hakuna sehemu kwenye menyu ya kusema "hii picha nimeichagua mimi, usiiguse". Kwenye Properties kuna tiki ya kuseivu picha au kutoseivu, ya kuchagua picha hakuna. Kwa hiyo nimejiwekea folda ya zile png zote, nikirekebisha templeti narudisha picha, nusu dakika, lakini ni nusu dakika ambayo haikutakiwa kuwepo.

Wanaotumia Excel najua mtauliza. Huko pia inawezekana ila kwa kuzunguka. Wakati wa Save As unaweka tiki kwenye Save Thumbnail, unaseivu kama .xltx, ndo templeti ya Excel, kwenye folda ya Custom Office Templates iliyo ndani ya Documents, na ile mbinu ya jalada inafanya kazi vilevile. Kuingiza png yako mwenyewe ndo kasheshe, maana hata .xltx ni zipu lakini ukileta picha ya aina nyingine lazima urekebishe na maandishi kwenye mafaili mawili ya ndani ili aina hiyo itambulike, na hapo kosea nukta moja uone. Google Sheets kwa akaunti ya kawaida wala usisumbuke, huna hata rafu ya kuweka templeti zako, watu wanagawa linki tu, ile ambayo mwishoni unafuta edit unaandika copy.

Kwangu mimi LibreOffice naipa nyota nne kwa hili. Ni bure, kompyuta yangu ya zamani inaibeba, na kubadilisha picha hakuhitaji kununua chochote. Nyota ya tano nimeishikilia mpaka waweke sehemu ya kuchagua picha bila kupitia mlango wa nyuma. Kama una templeti tatu usihangaike, zipe majina ya maana inatosha. Ukishafika kumi na una msaidizi mwenye haraka kama wa kwangu, anza na jalada, png baadaye.

Iliyobaki bila rangi ni ya michango ya msiba. Dogo alipendekeza nyeusi nikajaribu, ikawa kama shimo katikati ya dirisha, kila ukifungua jicho linaenda pale kwanza. Nimeiacha nyeupe, imeandikwa MSIBA kwa kijivu, ipo mwisho kabisa.