Bunduki ya kupimia joto la difu: inafaa, ukijua inapodanganya

Kwa gereji za Uyole, Makambako na Tunduma zinazohudumia semi, bunduki hii, yaani kipimajoto cha kulenga bila kugusa, inastahili kununuliwa kwa ajili ya kupima difu, yaani sanduku la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Tunazungumzia ile ya kawaida ya 12:1, ambayo bei yake haifiki ndoo ya oili ya gia ya lita 20. Shida yake ni kwamba inatoa namba hata ukiitumia vibaya.

12:1 maana yake ukisimama sentimita 60 kutoka kwenye difu inasoma duara la sentimita 5. Kwa mita mbili duara linafika karibu sentimita 17, na tope la chasisi linaingia hesabuni. Nukta nyekundu ni ya kulengea tu. Chuma kinachong'aa husomeka chini kuliko joto lake halisi, kwa hiyo safisha eneo la kiganja na upake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha upime hapo hapo kila safari. Na asubuhi ya Mafinga, bunduki iliyotoka kwenye kabini yenye joto iache nje dakika 20 kwanza.

Mahali pazuri pa kupimia ni juu ya mlima wa Kitonga, gari likiwa limepanda na mzigo. Ukipima baada ya kuteremka utalaumu difu kwa joto la breki. Pima tumbo la difu kwa chini, pua ya pinioni (pale shafti ya gari inapoingilia difu), halafu hapu zote, yaani vitovu vya magurudumu. Oili ikiwa kati ya nyuzi 70 na 105, ni kazi ya kawaida. Ikikaribia 120, simama. Ganda la nje husoma pungufu kuliko oili iliyo ndani, basi 110 kwenye ganda si ya kupuuza.

Lakini kinachokupa jibu ni kulinganisha. Kwenye gari lenye difu mbili, ya mbele kuzidi ya nyuma kidogo si ugonjwa, kwa sababu ndiyo inayogawa nguvu. Pua ikiwa moto kuliko tumbo, shuku beringi za pinioni, hasa kama difu imefungwa upya na zikabanwa mno. Hapu moja ikiwa moto peke yake, nenda kwenye breki au beringi za gurudumu, difu iache. Difu zote mbili zikipanda pamoja, muulize dereva kama loki ya kati, inayozifunga difu mbili zizunguke sawa, ilibaki imefungwa kwenye lami kavu, kisha chukua futikamba: mizingo ya tairi (urefu wa kuzizunguka kwa nje) za difu mbili ikipishana zaidi ya milimita 19 hivi, difu zinashindana njia nzima. Kuchanganya tairi mpya na zilizoisha ni uchumi wa ajabu.

Difu moja ikiwa moto kote, fungua nati ya kujazia, gari likiwa tambarare na oili imepoa kiasi. Oili iguse ukingo wa chini wa tundu. Ikizidi, gia zinaikoroga hadi inapata povu na joto. Ikipungua, angalia sili, na kabla ya kubadilisha sili angalia kipumulio, yaani tundu la kutolea hewa ya difu. Kikizibwa na vumbi, presha inasukuma oili nje na sili mpya itavuja vilevile. Uji mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande havisubiri safari nyingine.

Dashibodi ikionyesha moto huku bunduki ikisema 80 kote, anza na sensa na waya zake.