Sanduku la maoni la skuli: la kununua na la kukataa

Seremala yeyote, Unguja au Pemba, ukimwambia unataka sanduku la maoni la skuli, la watoto kuripotia uonevu, atakuchongea lile alilozoea: plaiwudi, kioo mbele, tundu juu, kufuli moja. Sanduku la sadaka la msikitini, kwa ufupi. Kwa sadaka kioo kina maana yake, noti zikionekana na mwengine hupata hamu ya kutoa. Kwa mtoto anayeonewa kioo hicho kinaharibu kazi nzima. Kikaratasi alichochana kwenye daftari lake kinaonekana kimelala pale, na anayemuonea ana macho.

Linalofaa ni la mbao pande zote, urefu sentimita 35, upana 25, kina 20. Tundu liwe la sentimita 12 kwa milimita 8: kikaratasi kilichokunjwa mara moja kinapita, kidole hakipiti. Ndani, chini ya tundu, fundi apige kibao cha mshazari ili karatasi iteleze mpaka nyuma. Bila kibao hicho, kijiti kilichopakwa gundi kinatosha kuvulia karatasi, na wa darasa la tano hawashindwi. Lifungwe ukutani kwa skrubu nne kutokea ndani, tundu likae sentimita 90 kutoka sakafuni, wa darasa la kwanza alifikie.

La bati hupatikana haraka lakini chumvi ya bahari hulila. Bawaba zikishika kutu mtu huja na bisibisi, na sanduku lililobanduliwa mbele ya watoto haliaminiwi tena. Ndoo yenye mfuniko inaweza kusaidia wiki mbili tatu, basi.

Kufuli ziwe mbili, za shaba. Ufunguo mmoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, wa pili kwa mjumbe wa kamati ya skuli, khasa mzazi asiyefundisha pale. Hapo mafundi huuliza kwa nini mbili. Ni kwa sababu mara nyengine jina linaloandikwa ni la mtoto wa mwalimu, au la mwalimu mwenyewe.

Mahali pa kulitundika pana uzito kuliko mbao. Mlango wa mwalimu mkuu haufai, aliyesogea pale ameshajulikana. Karibu na vyoo ndiyo kabisa, huko ndiko uonevu mwingi unakofanyika na wenye kuonea ndio walinzi. Hata ukumbini wanakopita wote bado mtoto anaogopa kunyoosha mkono. Dawa yake ni moja: kila Alkhamisi kila mtoto anapewa kikaratasi, na kila mtoto anakitia, kilichoandikwa na kitupu. Darasa la watoto 60 linamaliza karatasi 15 za A4 zilizokatwa nne nne. Skuli yenye mikondo miwili ifanye mara mbili, asubuhi na mchana, na vikaratasi vya mikondo visichanganywe. Saa ya kupishana, wakubwa wakiingia na wadogo wakitoka, ndipo pesa za malai na badia zinaponyang'anywa langoni, na lazima ujue ni mkondo gani unaolalamika.

Usiwape kikaratasi kitupu waandike insha. Mwandiko unamfichua mtoto. Chapisha maswali ya kutia alama tu: wapi (darasani, chooni, langoni, njiani, chuoni kwa Kurani, kwenye simu), mara ngapi wiki hii, umefanyiwa au umeona, nani walikuwepo. Jina la anayejaza liachwe kwa hiari.

Swali la mara ngapi ndilo linalotenganisha ugomvi na uonevu. Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza jambo hili Skandinavia miaka ya 1970, aliweka alama tatu: makusudi, kurudiwa, na nguvu zisizolingana. Wawili waliopigania mpira mara moja ni wagomvi. Watano wanaomwita mwenzao jina la kilema chake kila siku, na yeye hana wa kumtetea, huo ni uonevu, hata kama wote wanacheka na wanasema ni utani.

Swali la nani walikuwepo nalo msilifute kwa kubana nafasi. Kanada, watafiti walirekodi kwa video viwanja vya skuli, wakaripoti mwaka 2001 kwamba watoto wengine walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo watazamaji wanafaa kuitwa mmoja mmoja na kufundishwa la kufanya: kumwita anayeonewa waondoke pamoja, au kukimbilia mtu mzima.

Sanduku zuri huharibiwa na wanaolifungua. Kosa kubwa ni kusoma vikaratasi mstarini asubuhi. La pili ni bakora: aliyechapwa humsubiri mwenzake njiani. La tatu linaonekana la huruma, kuwaita wote wawili wapeane mikono. Hilo ni la wagomvi. Anayeonewa hushika mkono kwa woga, na kesho anaonewa tena. Wahojiwe mbalimbali, anayeonewa kwanza, apangiwe kiti, njia ya kurudi nyumbani na mtu mzima wa kumwendea. Anayeonea aambiwe kitendo chake kwa jina lake, arudishe alichochukua, aangaliwe kila siku kwa wiki mbili, na aulizwe kwa upole nani anamuonea yeye. Mara nyingi yupo.

Kuna mambo yasiyongoja Alkhamisi: jeraha, silaha, kushikwashikwa mwili, mtoto anayesema bora afe. Hayo ni ya simu 116, ya msaada kwa watoto, bure, au kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, kama vile cha hospitali ya Mnazi Mmoja au Chake Chake. Fundi aichore 116 kwa rangi juu ya kifuniko, tarakimu za sentimita 5. Chini yake aache kibao cheusi kidogo cha chaki kwa tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho. Ukitaka kujua sanduku la skuli yoyote kama linafanya kazi, soma tarehe hiyo kwanza, halafu ndiyo ukague mbao.