Rufaa za fidia ya ulemavu kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani: tathmini ya njia tatu

Wapo Waafrika Mashariki wengi waliovaa sare za jeshi la Marekani, baadhi yao kupitia mpango wa MAVNI ulioanzishwa mwaka 2008, ambao uliandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwamo. Waliotoka wakiwa na mgongo ulioharibika, masikio yanayovuma au usingizi uliopotea wana haki ya kudai fidia katika Idara ya Wanajeshi wa Zamani. Dai likikataliwa, au ulemavu ukikadiriwa chini ya hali halisi, huduma wanayoikimbilia ni rufaa, nami naitathmini hapa kama mtu anavyotathmini huduma nyingine yoyote ya umma: inatoa nini, inachukua muda gani, na inamfaa nani.

Mfumo wa sasa ulianza kutumika tarehe 19 Februari 2019, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017. Hapo awali rufaa zote zilipita kwenye foleni moja ndefu, na kila ushahidi mpya uliopelekwa ungeweza kulirudisha faili nyuma. Siku hizi mwombaji aliyepokea barua ya uamuzi ana mwaka mmoja wa kuchagua moja kati ya njia tatu: dai la nyongeza, mapitio ya ngazi ya juu, au rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani iliyoko Washington. Kwa maoni yangu huu ni uboreshaji wa kweli, ila umemhamishia mwombaji mzigo wa kuchagua, na barua anayopokea haimwambii ni njia ipi inayolingana na kasoro ya faili lake.

Swali la kujiuliza kabla ya kujaza fomu yoyote ni hili: je, faili langu limepungukiwa na ushahidi, au ushahidi umo na umesomwa vibaya? Ili dai lipite, kwa kawaida vitu vitatu lazima vionekane kwenye karatasi, yaani ugonjwa au jeraha lililopo sasa, tukio lililotokea wakati wa utumishi, na uhusiano wa kitabibu kati ya hayo mawili. Katika hayo, uhusiano ndio unaopungua mara kwa mara. Daktari anayeandika kwamba maumivu ya goti "huenda" yametokana na mazoezi ya jeshini hajasaidia kitu, kwa sababu maoni ya kubahatisha hupewa uzito mdogo sana. Kinachotakiwa ni kauli kwamba uwezekano wa uhusiano huo ni nusu kwa nusu au zaidi, ikifuatiwa na sababu zinazotokana na kumbukumbu za matibabu. Kipimo hicho ni cha huruma kuliko kile cha mahakama nyingi, kwani sheria inaagiza kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribiana uzito, shaka imnufaishe mwombaji.

Kwa hiyo aliyekosa barua ya namna hiyo anafaa kwenda kwenye dai la nyongeza, ambalo ndilo ninalolipa alama za juu kuliko mengine. Linadai ushahidi mpya unaohusiana na jambo lenyewe, na hapo Idara inabaki na wajibu wa kumsaidia mwombaji kutafuta kumbukumbu na, inapobidi, kumpeleka kwenye uchunguzi wa kitabibu. Lengo la Idara ni kulimaliza kwa wastani wa siku 125. Linaweza pia kurudiwa, na kila anayechukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu uamuzi uliotangulia huilinda tarehe ya dai lake la kwanza, kiasi kwamba akishinda baada ya miaka miwili hulipwa malimbikizo ya kipindi chote hicho. Wanaoiacha barua kabatini hadi mwaka upite bado wanaweza kuleta dai la nyongeza, lakini tarehe hiyo huwa imepotea, na pamoja nayo fedha nyingi.

Mapitio ya ngazi ya juu yana lengo hilohilo la siku 125, lakini hayapokei ushahidi mpya hata ukurasa mmoja. Ofisa mwandamizi huusoma upya ushahidi uliokuwapo siku ya uamuzi, na mwombaji anaweza kuomba mazungumzo ya simu ya kumwonyesha makosa yalipo. Ni njia nzuri kwa mtu anayeweza kutaja ukurasa. Asiyeweza atasikilizwa kwa adabu, kisha apokee jibu lilelile.

Bodi nayo ina foleni tatu: ya faili kama lilivyo, ya kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, na ya kusikilizwa na jaji, jambo ambalo sasa hufanyika hata kwa video. Lengo la foleni ya kwanza ni siku 365. Ya usikilizwaji kwa kawaida ndiyo inayochelewa zaidi. Hata baada ya kusubiri hivyo, sehemu kubwa ya mafaili hairudi na ushindi wala na kushindwa, bali hurudishwa chini yakafanyiwe uchunguzi upya. Jambo moja la kupongeza: maamuzi ya Bodi huchapishwa yakiwa yameondolewa majina, na kusoma maamuzi kumi kuhusu ugonjwa wako kunafundisha kuliko vijitabu vya ofisini.

Juu ya Bodi kuna mahakama maalumu ya rufaa hizi, yenye ada ya dola 50 inayoweza kusamehewa na ukomo wa siku 120 wa kukata rufaa. Wengi huitegemea kupita kiasi. Machi 2025, katika kesi ya Bufkin dhidi ya Collins, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama hiyo haina kazi ya kuupima upya uzito wa ushahidi. Katika upimaji huo itaingilia tu kosa likiwa la wazi. Faili dhaifu linalopanda huko hubaki dhaifu.

Kuhusu msaada, vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV na American Legion huandaa na kuwakilisha rufaa bila malipo. Wakili au wakala aliyeidhinishwa na Idara anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza tu, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ada ya haki. Anayekudai fedha ili akuandalie dai la kwanza kabisa, hata akiwa mtu wa kwenu mnayesali naye, muulize kwanza kama ameidhinishwa, kisha mtafute jina lake kwenye orodha ya Idara kabla ya kutia saini.